Gesi Ilitoka, na Mimi Nikaifuata

Najua nimepotea. Wale mlioanza kunong'ona kwamba mwenzenu kadisko, poleni sana, bado nipo, mwaka wa tatu huu naukamata kwa meno. Nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, na nilipomaliza tu nikapata mgeni kutoka nyumbani. Kati ya mambo hayo mawili kuna kitu kimenikaa kooni, leo nakitema. Ni habari ya umeme. Msikimbie! Siji kulalamika kuhusu LUKU. Nataka kusema unakotoka.

Nianze na chumba.

Mwaka wa kwanza, mwishoni mwa 2023, nilikosa hosteli. Kubebana sikutaka. Waliowahi kubebana wananielewa: watu wawili kwenye kitanda cha mtu mmoja, huyu akikohoa yule anaamka. Basi tukapanga chumba Ubungo, mimi na shoga yangu wa Mwanza ambaye hapa nitamwita Msukuma, maana ndivyo ninavyomwita na yeye ananiita Mmakonde, na hakuna anayekasirika. Kodi ilikuwa nafuu mpaka tukajiuliza kulikoni. Jibu tulilipata usiku wa kwanza. Nyuma ya nyumba, ukivuka uchochoro mmoja na ukuta wenye seng'enge, kulikuwa na mitambo ya kufua umeme.

Mngurumo wake siwezi kuuita kelele. Ulikuwa kama sauti ya feni kubwa sana ambayo mtu ameisahau ikiwaka chumba cha jirani. Ukilala kifudifudi unausikia kifuani. Msukuma alilalamika wiki nzima, halafu akazoea, halafu ikafika mahali akienda kulala kwa dada yake Mbezi anarudi anasema hakupata usingizi, kule kumekuwa kimya mno.

Sasa kichekesho kiko hapa. Wakati ule nchi ilikuwa kwenye mgawo. Mnaukumbuka ule mgawo ulioanza Septemba 2023 ukatupeleka mpaka mwanzoni mwa 2024? Maji ya mabwawa yalikuwa machache, baadhi ya mashine zilikuwa kwenye matengenezo, na matumizi yanapanda kila mwaka. Kwa hiyo mimi nilikuwa nakaa nyuma ya mitambo ya umeme, nausikia umeme ukifuliwa, na nasoma kwa tochi ya simu. Asaimenti yangu ya kwanza ya saikolojia ya elimu niliiandika hivyo, huku mama mwenye nyumba akipita na mshumaa anasema, "Wanangu, huo unaounguruma hapo siyo wetu, ni wa Dar nzima." Alisema kwa utani, lakini kisayansi alikuwa sahihi kabisa. Umeme ukishaingia kwenye Gridi ya Taifa hauangalii ukuta wa nani uko karibu.

Pale Ubungo kuna historia ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani tunapopita na daladala. Mitambo iliyokuwa kubwa kuliko yote ni ya Songas, turbaini sita, karibu megawati 190. Kabla ya 2004 turbaini zilizokuwepo zilikuwa zinachoma mafuta ya kuagiza nje, na mafuta ya kuagiza ni hela. Mwaka 2004 ndipo gesi ya Songo Songo ilipofika. Gesi hiyo iligunduliwa 1974 kwenye kisiwa kile cha Kilwa, ikakaa chini ya ardhi miaka 30 ikisubiri mwekezaji, mkataba na bomba: kilomita 25 baharini mpaka Somanga, kisha kilomita 207 nchi kavu mpaka Dar. Pembeni yake TANESCO nao wana mitambo yao ya gesi, ukiwemo mmoja wenye injini 12 unaotoa megawati 102 na mwingine wa turbaini uliokamilika 2012. Na hapo hapo Ubungo ndiko ilikozaliwa kesi ya Richmond, ule mkataba wa umeme wa dharura wa 2006 uliomfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Mitambo ile ilibadilisha majina, ikawa Dowans, ikawa Symbion. Eneo dogo, mambo makubwa!

Haya, chumba mmekielewa. Sasa mwenye chumba.

Mimi ni wa Mtwara. Mwaka 2013 nilikuwa darasa la nne. Nilikuwa sijui megawati ni nini, lakini nilikuwa najua kusema "gesi haitoki". Tulikuwa tunaimba wakati wa kuruka kamba. Watoto tunaimba kila kitu, tungeimba hata bei ya korosho. Lakini watu wazima walikuwa hawaimbi. Walikuwa wamesikia kwamba gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa 1982 huko kwetu Msimbati, itasafirishwa kwa bomba kubwa mpaka Dar es Salaam ikafue umeme huko. Wao walitaka mitambo ijengwe Mtwara, umeme ndio usafiri. Desemba 2012 waliandamana. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwemo, na mpaka leo anahesabu ile kuwa ndiyo siku aliyotembea mwendo mrefu kuliko yote maishani mwake bila kwenda shamba.

Halafu ikaja tarehe 22 Mei 2013. Bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilikuwa inasomwa bungeni Dodoma, watu wakasikia kwamba ujenzi wa bomba unaendelea. Sitaandika mengi. Nilikuwa na miaka kumi, nilichokiona ni chini ya kitanda cha bibi. Milio, macho yanawasha, bibi anatupa kitambaa kilicholoweshwa maji. Kulikuwa na waliokufa, kulikuwa na nyumba zilizochomwa. Mjomba alikuwa na kibanda cha kukaangia samaki, nacho kiliungua siku zile. Nani alikichoma hajui, na amekataa kubahatisha. Baada ya hapo hatukuruka tena kamba kwa wimbo ule. Hakuna aliyetukataza, tuliacha tu.

Siku 41 baadaye, tarehe 2 Julai 2013, Rais Obama wa Marekani alitembelea mitambo ya Symbion pale Ubungo kuzungumzia mpango wake wa umeme Afrika. Akapiga danadana mpira mmoja maalumu ambao ukichezewa unatunza umeme ndani yake, wa kuwashia taa. Video ile niliiona kwa mara ya kwanza chuoni, mwaka wa kwanza, Msukuma ndiye aliyenionyesha kwenye simu. Yeye alicheka sana. Mimi nilitazama tarehe nikaanza kuhesabu kwa vidole.

Bomba lilijengwa. Kilomita 542 kwa jumla, kwa mkopo wa China, kipenyo cha inchi 36 kutoka Madimba mpaka hapa, yaani mtoto wa chekechea angeweza kutambaa ndani. Lilikamilika 2015. Likaishia Kinyerezi, na mwaka huo huo mitambo ya Kinyerezi I ya megawati 150 ikawaka. Kinyerezi II, megawati 240, ikazinduliwa 2018. Kwa miaka kadhaa zaidi ya nusu ya umeme wa nchi hii ulikuwa unatokana na gesi ya kusini. Na mimi nikamaliza kidato cha sita, nikachaguliwa chuo Dar, nikapanda basi. Barabara ya kusini na bomba vinaelekea upande mmoja. Nilikaa dirishani. Lindi, Somanga, Mkuranga. Nilifika Dar usiku, nikaona zile taa kuanzia Mbagala, na kitu cha kwanza nilichofikiri, nakiri mbele yenu, ni kwamba ni nzuri.

Sasa tuje kwenye mazoezi ya kufundisha. Nilipangiwa shule moja ya kata upande wa Kinyerezi. Nilipoona barua nikacheka peke yangu. Nimetoka nyuma ya mitambo ya Ubungo napelekwa karibu na mitambo ya Kinyerezi, kama vile kuna mtu anayenituma niifuate gesi mpaka inapoungulia. Jiografia kidato cha pili, mkondo mmoja wanafunzi 87, madawati ya watu wawili wanakaa watatu. Na mada niliyoikuta imefikiwa: nishati.

Nikaona hapa ndipo pa kung'aa. Asesa kutoka chuoni alikuwa anakuja wiki ile. Nikatengeneza zana. Karatasi ngumu nikaikata na kuikunja kama feni ndogo, nikaitoboa katikati nikaipachika kwenye msumari, nikaazima birika jikoni kwa mpishi. Ukiweka ile feni mbele ya mdomo wa birika linalochemka, inazunguka. Darasa zima "Aaaah!" Nikawaambia, turbaini ni hii, ila badala ya karatasi ni chuma, na badala ya mvuke wa birika ni hewa iliyobanwa kwa nguvu, ikachanganywa na gesi, ikachomwa kwenye joto linalozidi nyuzi 1,000. Ile hewa moto inatoka kwa kasi, inasukuma mapanga, mapanga yanazungusha mhimili, mhimili unazungusha jenereta, jenereta inatoa umeme wa mizunguko 50 kila sekunde. Nikawaeleza na ujanja wa Kinyerezi II: moshi moto unaotoka kwenye turbaini za gesi hautupwi, unachemshia maji, mvuke wake unazungusha turbaini nyingine, kwa hiyo unapata umeme wa nyongeza bila kuongeza gesi. Mwanafunzi mmoja wa nyuma akasema, "Kama ukoko, madam, unaula na wenyewe." Nikampa alama moja papo hapo. Sijawahi kusikia maelezo bora kuliko hayo, na vitabu nimesoma.

Kingereza kilikuwa kimeshatupwa mkono dakika ya kumi. Asesa amekaa nyuma anaandika.

Nikawauliza, hiyo gesi inatoka wapi? Wakajibu kwa pamoja, "Mtwaraaa!" Nikasema na Lindi pia, Songo Songo. Vizuri. Nikageuka ubaoni niandike. Ndipo msichana mmoja aliyekaa dirishani, mpole, hajawahi kunyosha mkono wiki tatu zote, akauliza:

"Madam, na wao Mtwara wamebaki na nini?"

Jamani. Kwenye andalio la somo kuna sehemu ya shughuli za mwalimu na sehemu ya shughuli za mwanafunzi. Hakuna sehemu ya mwalimu kusimama na chaki mkononi bila neno. Mvulana mmoja akanisaidia: "Si wana korosho!" Darasa likacheka. Na mimi nikacheka kidogo, Mungu anisamehe, nilicheka kwa sababu asesa alikuwa ananitazama.

Halafu nikajibu kama kitabu. Nikasema serikali inapata mapato, yanakuja kwa wote. Nikasema halmashauri inapata ushuru wa huduma, sehemu ya asilimia moja. Yule msichana akauliza, "Sehemu hiyo ni shilingi ngapi kwenye mia?" Nikasema haifiki hata moja. Akaandika kwenye daftari. Nilimwona anaandika, wala hakuwa na hasira, alikuwa ananakili kama anavyonakili kila kitu ninachosema. Hilo ndilo lililonichoma. Nilikuwa nimemfundisha jibu langu na amelipokea.

Nikaweka chaki chini. Nikawaambia, mimi kwetu ni Mtwara. Nikawaambia nilipokuwa na umri mdogo kuliko wao niliimba gesi haitoki. Nikawaambia kwamba nilipokuwa nasoma shule, Mtwara haikuwa kwenye Gridi ya Taifa. Tulikuwa na mtambo wetu mdogo wa gesi mjini, unategemewa na Mtwara na Lindi, na mashine zake zikiharibika hatuna pa kuazima umeme. Kwa hiyo kulikuwa na usiku ambao gesi inapita chini ya ardhi yetu kuja kuwasha Dar na sisi tumekaa gizani. Sikuongeza chumvi. Wanafunzi 87 wakawa kimya kuliko nilivyowahi kuwasikia. Kengele ikalia.

Asesa aliniita pembeni chini ya mwarobaini. Nilijua nimekwisha. Akaniambia zana nzuri, sauti nzuri, ubao nimeupanga vibaya. Kisha akasema, "Hadithi yako ni ya kweli. Lakini umewaambia upande mmoja. Ungewaeleza pia kwa nini bomba lililetwa huku." Akaongeza, "Na hilo birika lirudishe, mpishi amesimama pale anakusubiri."

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikakaa nikaandika sababu, kama mwalimu. Kwanza, watu. Sensa ya 2022 ilikuta mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728, zaidi ya elfu tatu kwa kila kilomita ya mraba. Mtwara mkoa mzima ni watu milioni 1.6 hivi. Ukifua umeme unataka uufue karibu na wanaoutumia, maana ukisafiri mbali kwenye waya sehemu inapotea njiani. Pili, gesi haifui umeme tu. Viwanda vya Dar vinaitumia yenyewe kama moto, kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kwa mfano, na siku hizi hata bajaji, foleni zake mnaziona. Huwezi kumimina waya kwenye tenki la bajaji. Tatu, Dar tayari ilikuwa na vituo na njia kubwa za umeme za kuupeleka sehemu nyingine za nchi. Kusini wakati ule hakukuwa na njia kubwa hata moja ya kutoka. Mvua zilipokuwa zinakosekana na mabwawa yanakauka, ni gesi iliyotushika mkono. Hizo ni sababu za maana, wadau. Sizibezi. Nilirudi darasani nikawasomea zote, na yule msichana akaziandika zote.

Lakini kuna moja inakataa kukaa sawa kichwani mwangu, na asesa akisoma hapa atanisamehe. Bomba linakwenda tu. Waya unakwenda na kurudi. Kama ungejengwa waya mkubwa kutoka Mtwara mpaka Dar mwaka ule, siku mashine za Mtwara zinapoharibika umeme ungerudi kwa waya ule ule. Wale watu wazima wa 2013 hawakuwa wahandisi, wengine walikuwa wanakaanga samaki. Lakini waliposema umeme ndio usafiri, nadhani walikuwa wanasema jambo la kihandisi pia. Wahandisi mliopo humu nirekebisheni, kwa adabu tafadhali.

Nisisahau kuwaambia habari ya mngurumo. Mwishoni mwa Oktoba 2024, mwaka wa pili, mkataba wa miaka 20 wa Songas kuiuzia TANESCO umeme uliisha, mitambo ile ikazimwa. Sisi wapangaji hakuna aliyetuambia kitu. Usiku mmoja Msukuma akaamka akakaa kitandani. "Mmakonde, unasikia?" Nikasema sisikii. "Ndiyo maana yake," akasema. Mama mwenye nyumba naye alikuwa ametoka uani na kanga yake, amesimama anatazama ukuta. Ng'ambo bado kulikuwa na taa, na mitambo ya TANESCO bado ipo, huwashwa na kupumzishwa kadiri mahitaji yanavyokuja. Lakini ile sauti nzito ilikuwa imepungua. Umeme haukukatika. Bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji lilikuwa limeshaanza kuzalisha tangu mapema mwaka ule, na 2025 mashine zake zote tisa zilikamilika, megawati 2,115, zaidi ya mara kumi ya Songas. Nilijisikia vibaya na sikujua kwa nini. Watu walikufa kwa ajili ya gesi, nikawaza, na sasa nchi inaweza kuzima mitambo mizima ya gesi na watu wa Dar wasigeuke hata upande wa pili kitandani. Msukuma alirudi kulala. Mimi nilikaa mpaka adhana ya alfajiri.

Sasa mgeni. Baada ya mazoezi ya kufundisha, mjomba alikuja Dar kutibiwa macho. Mtoto wa jicho. Walipomfungua bandeji akaniambia ananiona nimekonda. Siku mbili kabla hajaondoka nikamuuliza anataka kwenda kuona wapi, Kariakoo, baharini, daraja la Kigamboni? Akasema, "Nataka nione linapoishia."

Sikuuliza nini.

Tukapanda daladala ya Kinyerezi, kisha bodaboda mbili. Tulisimama ng'ambo ya barabara, maana ndani huingii hivi hivi. Mjomba amevaa miwani nyeusi ya hospitali na kofia yake ya kitambaa. Hakuna cha kuona sana, niwaambie ukweli. Uzio, mabomba makubwa ya rangi ya fedha, dohani fupi, minara ya umeme inaondoka kwa mistari kwenda kila upande. Na ule mngurumo. Niliutambua kabla sijatazama, kifuani.

"Mbona hakuna moshi?" akauliza.

Nikamweleza gesi hii karibu yote ni methani, ikiungua vizuri haina masizi kama mkaa au dizeli. Kuna hewa ya ukaa inatoka, ila haionekani. Kinachoonekana ni joto tu, pale juu ya dohani, hewa inatetemeka kama juu ya lami saa saba mchana. Akainua miwani akatazama kule kwa jicho lake jipya muda mrefu.

"Hii ni ya kwetu au ya Songo Songo?"

"Zinachanganyika, mjomba. Zinakutana Somanga. Zikishachanganyika huwezi kuzitofautisha."

Akatikisa kichwa. Nikawa nasubiri aseme neno la 2013. Nilikuwa nimejiandaa, wallahi, nilikuwa na sababu zangu tatu za asesa na moja yangu. Nilitaka hata kumwomba msamaha, sijui wa nini, wa kuisifia Dar usiku ule nilipofika, au wa kucheka siku ile darasani. Nikaanza, "Mjomba, unajua mimi darasani nilisema..."

"Uniti moja hapa kwenu ni shilingi ngapi?" akanikatiza.

Nikamtajia. Bei ya umeme ni moja nchi nzima.

"Sawasawa na kwetu?"

"Sawasawa."

"Hm," akasema. Akaweka miwani yake. Bodaboda wetu alikuwa ameshageuza pikipiki, anauliza kama tunarudi stendi au bado tupo tupo. Mjomba akamwambia asubiri kidogo. Akavuka barabara mpaka karibu na uzio, akasimama pale mikono nyuma, kama mtu aliyefika kwa jirani akakuta mlango umefungwa, na mlinzi akatoka kibandani kumuuliza ana shida gani. Sikusikia alijibu nini. Niliona mlinzi anacheka, wanapeana mikono, wanazungumza kidogo. Aliporudi nikamuuliza kasemaje.

"Ni wa Newala," akasema mjomba, akapanda pikipiki.